Tarakimu Ishirini

Ukuta wetu ni tofali moja la inchi tano,
plasta upande wako, upande wangu hamna.
Najua simu yako inaita saa kumi na moja kasoro kumi,
unaizima, inaita tena, unaizima.
Nakijua kijiko chako, na kikohozi cha Julai,
kile cha baridi ya Sakina
inayoshuka Meru na kupita chini ya mlango bila hodi.
Jina lako silijui.
Mwaka na miezi minne.

Koridoni: "Mambo." "Poa."
Neno ladondoka kama sarafu ya hamsini,
hakuna anayeinama kuiokota.

Kwenye simu nina majina mia sita na kumi na mawili.
Jumapili moja niliyapitia yote:
Fundi Gesi, Dalali Njiro, Dalali Njiro 2,
Koka, aliyefariki, nashindwa kumfuta.
Nikafika mwisho. Sikumpigia mtu.

Jana umeme ukakatika. Si mgao, ni uniti.
Friji ya Mama Nampayo ikakata kauli,
na vyumba sita vikanyamaza,
kila mmoja akimngoja mwenzake atoe pochi.
Nikanunua mimi.
Lakini mita iko juu karibu na dari,
na mkono mmoja haushiki tochi, simu na kubonyeza.
Mlango wako ukafunguka.
Shuka begani, kigoda mkononi.
"Panda. Nitakusomea."

Tatu, tisa, sifuri, nne.
"Umefika?"
"Nimefika."
Saba, saba, moja, sita.
Hapo ukakohoa, nami nikangoja;
najua huchukua pumzi tatu.
Tarakimu ya kumi na tatu nikakosea. Tukaanza upya.
Mara ya pili nilikosea makusudi.
Usiniulize.

Mwanga ulipotupiga usoni tukaonekana:
wewe na soksi zisizofanana,
mimi na dawa ya meno kidevuni.
Friji ikaguna.
"Nadaiwa ngapi?"
Elfu moja na mia mbili, nikasema.
Ukahesabu noti, ukatafuta sarafu,
ukasema, "Naitwa Elirehema,"
kana kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya deni.

Leo, kumi na moja kasoro kumi, simu imeita.
Hukuizima.
Imeita mpaka ikachoka.
Nikagonga ukuta. Kimya.
Nikagonga tena, kwa kiganja.
Kisha kikohozi: moja, mbili, tatu.

Nimeinjika maji ya vikombe viwili.
Sijui kama nitasema.