Saa Sita Nyuma

Saa saba mchana Rotterdam, mvua ya Februari
inakwaruza kioo cha ofisi. Pasto ni saa moja asubuhi.
Huenda unaamka, Duván, huenda unabembelezwa
uvae soksi ya pili.
Mimi nina simu mbili masikioni:
moja ni Joost wa ghala namba nane,
parachichi zimekwama, joto la kontena limepanda;
nyingine ni ubalozi,
tafadhali subiri, kinanda, tafadhali subiri, kinanda.

Kazi yangu ni kupitisha vitu.
Maua ya Medellín yakikatwa Jumanne,
Ijumaa yako sokoni. Hakuna waridi
lililowahi kuulizwa cheti cha ndoa.
Muhuri, saini, malipo, pita.
Miaka kumi na mitatu nimepitisha kahawa, matairi,
farasi mmoja wa shaba aliyevunjika sikio,
wala sijashindwa na karatasi
hadi ilipofika zamu yako.

Maana sisi ni Wakatalani tunaokaa Uholanzi
tunaomba mtoto wa Kolombia,
na kila nchi inainyoshea nyingine kidole.
Barcelona: mnaishi huko, ulizeni huko.
Huko: pasi zenu ni za kule, rudini kule.
Oriol anacheka, asema tumekuwa mpira,
kisha anaingia bafuni na kufungulia maji
ili nisimsikie.

Cheti cha polisi kina uhai wa miezi mitatu.
Kipimo cha damu, sita.
Cha kwanza hufa kabla cha mwisho hakijazaliwa,
nasi tunaanza tena, tunateka maji kwa pakacha.
Barua moja ilikuandika Dubán.
Herufi moja. Wiki saba.

Bi. Hoekstra wa ustawi wa jamii alikuja Jumapili,
akavua viatu mlangoni bila kuambiwa;
nikampenda kwa hilo.
Alihesabu madirisha, akapima ngazi kwa macho,
akauliza: kwa wiki unafanya kazi saa ngapi?
Nilitaka kudanganya. Simu ikalia mfukoni.
Hamsini na tano, nikasema. Ikalia tena.
Akaandika kitu kirefu kuliko namba.

Ukurasa wa kumi na nne unauliza
kwa nini tunataka mtoto. Wameacha mistari minne.
Usiku wa manane niliandika "Kwa kuwa", nikafuta.
Mwishowe nikaweka maneno ya wakili.
Lakini wewe nikwambie: ni vijiko.
Nyumba hii ina vijiko viwili vinavyogonga vikombe viwili,
na kila asubuhi, baada ya cha pili,
nasikia pengo.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.
Hawakuwahi kusimama foleni kwa mthibitishaji
wakiwa na dakika ishirini za chakula
na mkate haujaguswa mkobani.

Jana imefika picha yako,
muhuri umegongwa begani kwako.
Unacheka, na mbele pana pengo: jino limetoka.
Faili letu, ukurasa wa tatu, linasema
"meno yote yapo".
Nikaangalia tarehe. Kweli, siku ile yalikuwapo.
Nani alikushikia kioo ujione?
Lilitoka kwa tufaha, au kwa ngumi ya mwenzio?
Nilikuwa wapi siku hiyo? Najua nilipokuwa.
Nilikuwa kazini, nikipitisha matairi.

Joost anapiga: parachichi zimepita.
Namwambia vizuri.
Nje giza limeshaingia, mabawabu wanawasha taa za gati,
na kwenu bado ni mchana,
umebakiwa na saa sita ambazo mimi nimeshazitumia,
sikumbuki kwa lipi.
Zitumie polepole.
Nina ombi moja ambalo halikupewa mstari kwenye fomu:
usikue haraka.

Kesho saa mbili nina miadi ya damu,
ile ya Agosti imekwisha muda.