Risiti

Afisa wa watoto, Bi. Tapsubei, alikuja na utepe wa kupimia.
Mimi ni fundi cherehani, utepe naujua,
lakini siku ile nilipimwa mimi:
dirisha hadi kitanda, kitanda hadi mlango,
choo ni cha watu wangapi, maji hutoka siku gani,
na je, nina hasira?
Ninayo, nikamwambia, ya kawaida, ya mtu anayedaiwa.
Akaandika.

Cheti cha polisi, barua ya chifu, picha ya kifua,
majirani wawili wa kunishuhudia.
Mama Gathoni alinishuhudia vizuri ofisini,
kisha kwenye kamba ya nguo akaninong'oneza:
"Kerubo, wa watu gani huyo mtoto?
Hapa Nakuru, dada, mtu huuliza."
Nikalibana shuka langu kwa vibanio vitatu.

Husemwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.
Mimba sikuilea. Mimi nimeanzia kwenye kazi.

Ekai alifika Jumanne, nguo zake ndani ya mfuko wa unga,
miaka minane, viatu vyote viwili vya kushoto.
Hakuniita mama. Hakuniita shangazi.
Aliniita Mwenye-nyumba.
"Mwenye-nyumba, naweza kunywa maji?"
"Mwenye-nyumba, taa nizime?"
Wiki tatu hivyo,
vumbi la Mwariki likipita chini ya mlango,
mimi nikishona sare za shule, yeye akiokota vipande sakafuni
na kuvipanga kwa rangi, bila kuombwa.

Tarehe thelathini usiku niliamshwa na mchakacho.
Alikuwa amevaa. Mfuko ameufunga kwa kamba.
Godoro amelikunja, amelisimamisha ukutani
kama mtu aliyezoea kulibeba.
"Waenda wapi?"
"Kesho ni tarehe moja."

Nikaelewa polepole, kama uzi utafutavyo tundu gizani.
Kule Kaptembwo mwisho wa mwezi ulikuja na kufuli.
Mwezi mmoja ulikuja na nyundo, ukang'oa mlango,
ukaondoka nao begani,
mama yake akiwa kitandani, ana homa.

Mama yake yu hai. Hilo nalo niliseme.
Yuko wadini, anajifunza upya kushika kijiko.
Akipona, fomu inasema, mtoto atarudi kwake,
na chini ya maneno hayo nilitia sahihi mwenyewe,
kwa wino mweusi, mkono haukutetemeka.
Siku hiyo sikuwa nimemwona akipanga vitambaa.

Nilitaka kumwambia: hapa hulipi.
Nikamtazama usoni, nikanyamaza.
Maneno matamu ameshayasikia, na mlango ukang'olewa.
Akafungua kiganja.
Sarafu ya kumi, sarafu ya tano, zina jasho.

Basi nikawasha taa. Nikatoa kitabu cha risiti cha duka,
nikaweka na karatasi ya kaboni, maana kazi ni kazi.
Imepokelewa kutoka kwa: Ekai.
Jumla: shilingi kumi na tano tu.
Kwa ajili ya:
"Andika kitanda." Nikaandika kitanda.
"Na dirisha." Na dirisha.
Kisha ule mstari wa mwisho, uliochapwa kwa ajili ya
magauni na suruali za watu:
Kuchukuliwa tarehe:
kalamu ikasimama.
Miaka ishirini na mbili sijampa mteja risiti
bila kujaza hapo.

Alisubiri. Mbwa wa jirani alibweka, akachoka.
"Hapo hujui?" akaniuliza.
"Hapo sijui."
Akatikisa kichwa, kama mtu mzima aliyekuta hesabu ni sawa,
akaichana mwenyewe, kitobo baada ya kitobo,
akaikunja mara nne, akaitia ndani ya soksi.

Nakala yangu imo kitabuni, ya buluu, hafifu,
kati ya sketi ya Mwalimu Nyaboke na kola mbili za kugeuza.

Alfajiri nilimkuta amelala.
Godoro liko chini. Viatu viko miguuni.
Mfuko bado umefungwa,
lakini ameutumia kama mto.