Linapenda Kushoto

Fundi Kubuya hakuniuliza jina.
Alichuchumaa, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu,
pale ambapo mimi mwenye gari sijawahi kufika,
akapapasa ubavu wa ndani kama anayetafuta jipu.
Mkono ukatoka na vumbi jeusi na tone la damu.
"Waya," akasema. "Mpira umekwisha, umeanza kutoa mifupa."

Kwa nje tairi lilikuwa zima.
Kila alfajiri, Katindo, kabla ya kupakia mikate,
nililitazama, mifereji yake ina kina cha ukucha,
nikasema asante Mungu, mwaka huu hatununui.
Kumbe upara ulikuwa ndani,
umegeukia tumbo la gari
kama mtu anayelilia ukutani ili nyumba isisikie.

"Unakwenda Sake mara mbili kwa juma," akasoma.
"Kuna jiwe unalipanda kila siku, kwa gurudumu hili hili.
Na kuna kitu kiligongwa. Si jana."

Jiwe nalijua. Ni la mlangoni kwetu,
lava iliyopoa ikiwa imeinua kichwa;
nyundo ilishindwa, tukajenga tukaliacha.
Kugongwa nako nakujua.
Ni Balume, Majengo, usiku wa mvua, taa moja.
Alirudi akicheka, hakusema amegonga nini.
Kesho yake akanipa funguo, mara ya kwanza:
"Lishike kidogo kulia. Linapenda kushoto."

Nikalishika.
Kushoto ndiko yanakotokea malori ya mbao na kreti za bia,
nami nimekaa kulia, usukani wa Kijapani,
karibu na mtaro kuliko na barabara.
Miaka minne nimelivuta:
miwili yeye akiwa hai,
miwili akiwa chini ya mawe yake meusi.
Nilidhani ni tabia. Gari la mtu huwa na tabia,
kama mlango usiofungwa mpaka uinuliwe kidogo.
Hata mshonaji wa Virunga alinipima mara mbili:
"Mama, mabega yako hayalingani."

Kubuya hana mashine.
Ana uzi wa kushonea magunia, viti viwili vya plastiki,
na rula ya mwanafunzi iliyovunjikia kwenye ishirini na tatu.
Akauvuta uzi toka nyuma hadi mbele, ukalia ting.
Ukingo wa nyuma wa rimu, pengo la vidole viwili.
Ukingo wa mbele, kimoja.
"Unaona? Linakwenda nanyi, lakini linaangalia pembeni.
Halibingiriki tu, linakwaruzwa, kilomita kwa kilomita."
Kuna mtu nilimfikiria. Sikumtaja.

Akafungua fimbo ya usukani, imepinda kama mguu wa kuku,
akainyooshea juu ya jiwe, akatia rotula ya mtumba,
robo mzunguko, uzi,
robo mzunguko, uzi.
Dola kumi na tano na mikate miwili.

Nikashika njia ya Himbi. Gari likanyooka
kama mstari wa daftari,
na kabla ya mita mia nikawa mtaroni.
Kijana wa chukudu, na magunia yake ya makaa,
alinitukana kwa lugha tatu.
Hakuna kilichonivuta. Ni mkono wangu
uliokuwa bado unazuia kitu kisichokuwapo.
Nikazima injini.
Nikavibandua vidole usukanini, kimoja, kingine,
mikate ikipoa nyuma yangu.

Tairi bovu nililipeleka Birere
kwa Zihindula, anayekata viatu vya mpira.
Aliliminya kwa gumba, akalirudisha.
"Upande huu unene, upande huu karatasi.
Nikikukatia humu, mama, utatembea ukienda kushoto."

Kata, nikamwambia.
Namba thelathini na tisa.