Herufi Mbili za Felisbela

Gari letu lilikuwa la kubebea mikate.
Siku za mvua bado linanuka hamira.
Ndani: kiti kinachokunjwa kama mwavuli,
pampu, ndoo, taa ya kufunga kwenye paji la uso,
na mimi, Telmo, dereva na mnyonya mate.
Usicheke. Ndivyo kilivyoandikwa kitambulisho changu,
kwa maneno yenye heshima zaidi.

Daktari Iria hukaa mbele, buti juu ya dashibodi,
akisoma orodha: tisini na mmoja, themanini na nane,
themanini na nne, huyu kijana.
Twapanda milima ya Trás-os-Montes,
kona arobaini na saba hadi Vilar das Urzes.
Shule imefungwa, duka limefungwa,
na wakazi kumi na sita wamebaki na meno arobaini na tatu,
tukihesabu kwa ukarimu.

Mzee Belmiro alikataa kutufungulia.
"Sina meno, nitaumwaje meno?" alisema dirishani,
au tulidhani ndivyo alivyosema.
Maneno yake yalitoka bila kingo,
kama sabuni iliyosahaulika majini.
Iria akakaa kizingitini, akamenya chungwa.
Mwishowe mbwa ndiye aliyeusukuma mlango.

Jikoni, kando ya moto, tukakunjua kiti.
Seti yake ya zamani ilikuwa kwenye bilauri,
imepasuka katikati, imeungwa kwa gundi ya viatu.
Iria aliinusa, akanyamaza.
Kisha kidole chake chenye glavu kikapita juu ya fizi
polepole, kama mtu anayepapasa gizani
katika nyumba isiyo yake.
Kushoto pana kidonda,
cheupe, kidogo kama mbegu ya ufuta.

Picha ilipaswa kwenda Porto, kwa bingwa wa vinywa.
Lakini mtandao wa kijiji uko mahali pamoja tu:
ukuta wa makaburi, kona ya mashariki,
mkono ukiinuliwa.
Nikapanda na kishikwambi, nikasimama juu ya misalaba
nikilirusha taya la mtu hai angani
mbele ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza,
"Inauma wapi?"
Dakika kumi na moja.
Jibu: *Msuguano, na hiyo gundi. Ivueni. Nitazame tena baada ya wiki mbili.*

"Unayataka meno ya nini?"
Iria humuuliza kila mtu.
Wengi husema nyama. Mmoja alisema lozi.
Bibi wa bonde la pili alisema picha ya pasipoti,
na hana safari.
Belmiro aliutazama moto.
"Mke wangu," akasema, na hili tulilipata kwa kulirudiarudia,
"jina lake lina *fe*, na katikati lina *se*.
*Fe* hutaka jino la juu likalie mdomo wa chini.
*Se* hutaka ukuta wa kuuchuja upepo.
Mwaka wa sita huu namwita Helihbela.
Kila Jumapili naenda pale kumwita mtu mwingine."

Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga.
Labda.
Lakini wahenga, nadhani, walikuwa na meno yao.

Tulirudi mara nne. Nta, vipimo, nta tena.
Mara ya tatu sakitu ilitukwamisha kwenye kona ya thelathini
tukala chungwa la daktari kwa zamu.
Mara ya nne Iria akaibana seti mpya mahali pake,
akasubiri mate yazoee.
"Sema sitini na sita."
Belmiro akatikisa kichwa, mdomo kaufumba
kama aliyebeba yai.
Akachukua kofia, akatoka.

Tuliona mgongo wake ukipanda kuelekea ukutani.
Nilishusha kioo kidogo.
Iria akanyoosha mkono, akakipandisha.
"Hilo si letu," akasema,
akatia alama kwenye orodha.
Themanini na nane anasubiri,
na tayari tumechelewa.