Risiti

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa tatu asubuhi,
tunakutana Jeevanjee, benchi la karibu na bomba,
na kabla ya salamu kuisha zipu zimeshalia.

Ogolla ana stendi ya miguu mitatu, ya kaboni,
nyepesi, asema, hata mtoto ataibeba,
ingawa mwenyewe anahema tangu River Road.
Simaloi kaleta taa ya duara, upana wa chapati,
na betri sita ambazo hazijavuliwa karatasi.
Hafswa, mkimya, kanunua mkanda tu,
ngozi ya ng'ombe, umeshonwa Kariokor kwa uzi mwekundu;
ukiunusa unatamani kumnunua na ng'ombe.
Karani hana kitu mwezi huu. Karo.
Anashika vya wenzake kimoja kimoja,
anapuliza vumbi ambalo halipo,
anarudisha.

Nami nikachomoa yangu.
Sikusema neno. Nikaitandikia leso, nikaiweka:
lenzi ya milimita themanini na tano,
mlango wake wa mwanga ukifunguka wote
ni mboni ya paka stoo.
Wakanyamaza hadi tukasikia bomba likidondoka.
"Umeiba?" akauliza Ogolla,
na hiyo, kwetu sisi, ndiyo hongera.

Nyumbani, Umoja, nilisema nimeazimwa.

Lakini Kalekye anauza mitumba Gikomba mwaka wa kumi na moja.
Huyu ni mtu wa kufumba macho, apapase kola ya shati,
akutajie bei yake na mahali lilipofumuka kwapani.
Aliichukua kwa mikono miwili,
akaipima uzito, akaizungusha pete mara moja,
akaiweka sikioni.
"Nani kakuazima?"
"Karani."
"Karani huyu wa karo?"

Elfu arobaini na mbili, nikasema,
nikitazama kalenda ya duka la dawa.
Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
Aliketi kitandani, akavua kiatu kimoja.
"Na hukumwomba apunguze?"
"Bei ilikuwa imeandikwa."
"Imeandikwa," akarudia,
kwa sauti ya msomaji wa tanzia,
akakivaa kiatu tena.

Luthuli, ghorofa ya pili, kwa Kinoti,
spika za jirani zinatikisa vioo vya kabati.
Kalekye akaiweka lenzi juu ya kaunta,
akasema pete hii ina mchanga.
Wiki mbili nilikuwa nayo, nikailalia karibu,
mchanga huo sikuusikia.
"Mama, hii ni mali ya Japani."
"Na mchanga nao ni wa Japani?"

Hapo nilijua siku ya Kinoti imeisha.
Kidole kimoja juu, kanga imetelemka begani,
jicho nusu limefungwa kana kwamba anapima bondo la nguo,
na mwanga wa dirisha la ngazi, ule wa saa kumi,
umemwangukia upande mmoja wa uso
kwa namna ambayo mtu hulipia studio.
Nikainua kamera haraka.
Ilikuwa na tundu tu.
Lenzi alikuwa nayo yeye.

Basi nikasimama pale, kamera kipofu kifuani,
nikamtazama kwa macho haya ya bure
mpaka Kinoti akarudisha elfu sita,
kichujio, kadi ya kumbukumbu, pampu ya vumbi,
na mfuko usiopenya mvua.
"Andika risiti upya," akamwambia, "na tarehe ya leo."

Mwezi huu Jeevanjee kumenyesha, tumejibana kibandani.
Ogolla kaja na skurubu ya stendi, ile ya kwanza imekatika.
Mimi nimetoa risiti.
Imepita mkono kwa mkono,
Hafswa kacheka kwa sauti, jambo ambalo sijawahi kuliona.
Karani kaishika mwishoni, kaisoma mara mbili,
kaipuliza vumbi,
kisha kwa upole, bila kunitazama:
"Kwani Kalekye, Jumatatu, huwa na nafasi?"