Lete Mkono

Lete mkono. Siyo huo wa saa,
lete wa kazi, wenye vumbi la mbao.
Kunja shati, usione haya,
baridi ya Juni hapa Mwanjelwa haichagui mtu.

Napima kwa uzi. Macho hudanganywa na misuli.
Uzi unazunguka mfupa, naukata,
naongeza upana wa kidole kimoja:
bangili ya mwanamume isibane kama pingu,
wala isishuke na kupanda
kama debe lililofungwa nyuma ya baiskeli.

Unatazama zile nene. Najua.
Juzi alikuja mmoja, muuza viazi wa Uyole,
akachukua mnyororo wa kufungia ng'ombe.
Jumanne kaurudisha: umenasa kwenye gunia,
gunia limechanika, viazi vimeteremka hadi Kabwe.
Na mnyororo? Haukukatika.
Basi, nikamwambia, fedha yangu ni nzuri,
gombana na gunia.

Wewe ni seremala. Chukua hii bapa,
iliyo wazi upande mmoja, nyembamba kama ganda la muwa.
Kazini iko mfukoni. Jioni unaivaa,
na msumeno haujui.

Dhahabu? Chunya iko hapo nyuma ya mlima,
kila mtu ana mjomba aliyekaribia kuwa tajiri.
Dhahabu huingia chumbani kabla ya mwenyewe.
Fedha husubiri iulizwe.
Tena lugha yetu ina utani:
fedha unaitoa mfukoni, fedha unaivaa mkononi;
mkeo akiuliza fedha imekwenda wapi,
inua mkono umwonyeshe.
Ila usinitaje.

Ah, bado hujaoa. Ndiyo unakwenda kwa wakwe, Tukuyu?
Basi moja inatosha.
Ukivaa tatu watazihesabu, na ng'ombe wataongezeka.
Saa mkono huu, bangili mkono ule;
zikikaa pamoja zitakwaruzana kama mawifi jikoni.
Sweta livute juu kidogo unapopokea chai,
waone mng'ao mara moja,
kisha usahau kuwa umevaa.
Ikiingia weusi, majivu ya mgomba na kitambaa cha kanga kuukuu.
Mchanga, hapana. Nitajua.

Hilo donge juu ya rafu?
Hapana, usilishike. Hilo haliuzwi.

Mwaka ule soko lilipoungua
baba alirudi siku ya tatu na chekecheo la unga,
akachekecha majivu ya kibanda chake,
ya vitenge vya jirani, ya mchele, ya redio.
Mama alidhani amerukwa na akili.
Akapata kitu cheusi, kizito, kama kiazi cha mbegu:
bangili kumi na nne za watu
waliokwisha kulipa nusu.
Daftari lilikuwa limeungua.
Majina alikuwa nayo machache.
Mikono aliikumbuka yote.

Akawatafuta, mizani mfukoni,
Mbalizi, Igurusi, mmoja hadi Makambako,
akimkatia kila mtu gramu zake.
Kumi na tatu walipatikana.
Wa kumi na nne alikuwa Andengulile fulani,
mkono wa kushoto mwembamba,
mfupa umewahi kuvunjika ukaunga upande.
Zake ndizo hizo. Gramu ishirini na mbili.
Baba alipokuwa kitandani hakuniachia maneno mengi;
aliuliza tu kama amekuja.

Ndiyo maana, kijana, sipimi kwa macho.
Hebu lete na huo mwingine, wa saa.
Vua. Geuza.
Nyooka kabisa.

Haya. Elfu tisini, hii bapa.
Uzi nakupa bure.