Ruka Tangazo

Baba, nyanyua mkono kidogo, kivuli chako kinafunika bobini.
Hivyo. Sasa fungua ile skrubu polepole,
kana kwamba hujaifungua kila siku tangu nizaliwe.

Ninarekodi. Nyuma yetu, sokoni Luanda,
mwuza omena anagombana na mzani,
mvua inajikusanya upande wa Maseno,
na cherehani ya Mama Agufana, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefifia,
imelazwa ubavu kama ng'ombe anayezaa.

Watu elfu kumi na mbili wameitazama mikono hii.
Mtu wa Mombasa ameuliza ni mafuta gani.

"Na anayelipa ni nani?"
Uliniuliza siku ile ukiwa na sindano mdomoni.
Nikakueleza: hawalipi wao. Analipa mwenye sabuni,
mwenye mikopo ya simu, mwenye kamari.
Anasimama mlangoni kabla hujaonekana,
anapiga kelele zake sekunde tano,
ndipo mtu aruhusiwe kumruka aingie kwako.
Akimruka, tunapata kidogo mno.
Asipomruka, kidogo.

Ukaitoa sindano. "Kumbe kinachouzwa si ufundi.
Ni subira ya watu."
Nikaenda zangu kununua bando.

Haba na haba, walisema, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba cha huko kina ujazo gani.
Dola mia, Baba, ndipo kimwagwe.
Miezi kumi na moja nahesabu senti
kama mtoto anayehesabu meno kwa ulimi.
Kwanza ikaja barua, ya karatasi, sanduku la posta la kanisa,
ndani yake tarakimu sita tu,
na Pasta Endovo akaiinua juani akitafuta hundi.

Pesa ilipoingia, benki ikaonja, kodi ikaonja.
Tukalipa kibanda. Tukanunua kopo la mafuta, sindano dazani mbili,
na kiegemeo cha simu
ili picha isitetemeke unaponichekesha.

Juzi niliona kitu nikakunyamazia.
Mbele ya video yako wameweka tangazo la cherehani mpya,
nyeupe, ya plastiki, nyepesi kama sahani ya harusi.
Haihitaji fundi, wanasema.
Anayetaka uondoke sokoni
ndiye aliyelipa kodi ya kibanda chako.

Jana jioni ukavaa miwani, ukataka kujiona.
Tangazo likaanza. Nikapeleka kidole upesi.
Ukanishika kifundo, mkono wako ukinuka mafuta ya taa.
"Mwache amalize. Naye ameamka asubuhi kuja kuuza."

Tukamtazama hadi mwisho yule mwanamke na tabasamu lake,
sekunde thelathini nzima,
bei ikipita chini kwa herufi nyekundu.
Hukuisoma bei. Ulikuwa umeinama
ukifuata vidole vyake vikipitisha uzi.

"Ameukosea," ukasema.